Wasomaji Wanauliza: Bohol kwa Mwenye Siku Chache

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu Bohol, mkoa wa kisiwa ulio kusini-mashariki mwa Cebu, katikati ya Ufilipino. Makao makuu yake ni mji wa Tagbilaran, na kisiwa kidogo cha Panglao, chenye fukwe na hoteli nyingi, kimeunganishwa nao kwa madaraja. Wageni hufika kwa ndege kwenye uwanja wa Panglao, uliofunguliwa mwaka 2018, au kwa boti ya mwendo kasi kutoka Cebu, safari ya saa mbili hivi. Barua zilizouliza jambo moja tumezijibu kwa pamoja.

Shikamooni. Tumeuziwa safari ya siku moja yenye vituo tisa: vilima, tarsia (mnyama mdogo sana wa jamii ya kima), msitu, mto, makanisa mawili, bustani ya vipepeo, daraja la kamba na duka la zawadi. Je, tutaona kila kitu? — Maharusi wapya

Marahaba. Mtaona kila kitu kupitia dirisha la gari. Hesabuni wenyewe: kutoka Panglao hadi Carmen, penye vilima vya Chocolate Hills, ni zaidi ya kilomita 55 za barabara ya kona, yaani karibu saa mbili kwenda na nyingine mbili kurudi. Ondoeni saa ya chakula, kisha gawanyeni kinachobaki kwa vituo tisa. Ubaya mwingine ni kwamba magari karibu yote hufuata mpangilio mmoja. Watu hujazana pale pale saa ile ile, na foleni inakula hata hizo dakika mlizobakiwa nazo.

Futeni bustani ya vipepeo, daraja la kamba na duka. Ondokeni saa kumi na moja alfajiri mwende Carmen moja kwa moja. Kufika jukwaani ni ngazi 214, na asubuhi zinapandika bila kutweta, ukungu ukiwa bado umelala mabondeni. Anayehesabu kwa ubahili husema vilima ni 1,268, wengine hufika 1,776. Vingi vina urefu wa mita 30 hadi 50, na kirefu kuliko vyote kinakaribia 120. Ni mawe ya chokaa yaliyotokana na matumbawe ya bahari ya zamani. Ardhi iliinuka, kisha mvua ikayamumunya polepole hadi yakabaki maumbo ya pia. Juu yake ni nyasi tupu, na hapo ndipo wengi hulalamika kwamba picha za matangazo zimewadanganya. Rangi ya kahawia hutokea nyasi zikikauka, hasa Aprili na Mei. Ukija Agosti utakuta kijani kibichi, nacho kwa macho yetu kinapendeza zaidi, ila usiseme hukuambiwa.

Wakati wa kurudi simameni Loboc. Kanisa lake liliporomoka katika tetemeko la tarehe 15 Oktoba 2013, lenye ukubwa wa 7.2, likajengwa upya kwa mawe yake yale yale. Kisha nendeni Corella kwa tarsia, mmalizie Baclayon jioni, ambako kanisa la mawe ya matumbawe lilikamilika mwaka 1727. Hivyo ni vituo vinne, na mkifika hotelini bado mtakuwa na hamu ya kusimuliana.

Jambo moja la usalama: kwenye msitu wa mahogani wa kupandwa, kati ya Loboc na Bilar, watu husimama katikati ya lami ili wapigwe picha. Barabara ile ina kona na mabasi hayapunguzi mwendo. Picha ipigwe kutoka pembeni, na dereva aegeshe mahali panapoonekana kutoka pande zote mbili.

Tuna mtoto wa miaka miwili anayependa wanyama. Tunaweza kumpeleka kwa tarsia? Na kweli kuna mahali wanaruhusu umshike? — Mama Junior

Tarsia, ambaye wenyeji humwita mawmag, ana uzito wa gramu 80 hadi 160, na kila jicho lake ni kubwa kuliko ubongo wake. Macho hayo hayazunguki. Ndiyo maana hugeuza shingo hadi karibu aangalie mgongo wake. Huwinda usiku. Mchana, saa za watalii, yeye amelala au anajaribu kulala.

Makelele, mwanga wa kamera na mikono ya watu humchosha kupita kiasi. Waliofungiwa vizimbani wamewahi kugonga vichwa vyao kwenye chuma hadi wakafa. Kwa hiyo ukiona mahali anapowekwa begani mwa mgeni, geuza gari. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2001 hairuhusu mtu kumfuga bila kibali, na pesa yako ndiyo inayomfanya akamatwe mwingine. Tunapendekeza hifadhi ya Corella, ambako yuko kwenye mti wake na mwongozaji hukuonyesha kwa kunong'ona.

Mtoto wa miaka miwili anaruhusiwa, lakini hanong'oni. Ingieni kwa zamu: mmoja anabaki nje na mtoto, mwingine anaingia. Mkiamua kuingia naye, awe ameshiba na amebebwa, na akianza kulia tokeni hapo hapo. Kabla ya kuingia zimeni mwanga wa simu, pamoja na kile kitaa kidogo ambacho kamera nyingine hukiwasha zenyewe ili kupima umbali. Watu husahau hicho, halafu hushangaa mwongozaji anapowaziba kwa kiganja.

Nimesikia kuna chumvi ya Bohol inayouzwa ndani ya chungu kilichovunjika. Inatengenezwaje, na nikinunua nitajuaje kwamba ni yenyewe? — Mpishi

Swali hili limetufurahisha kuliko yote. Chumvi hiyo ni asin tibuok, na hutengenezwa Alburquerque, mji mdogo wa pwani mashariki kidogo ya Baclayon, ambao wenyeji hufupisha jina lake na kuuita Albur. Waliobaki na kazi hii ni familia chache tu.

Mwanzo wake ni makumbi ya nazi. Hulowekwa kwenye mashimo yaliyozungushiwa uzio kando ya mikoko, mahali ambapo maji ya bahari huingia na kutoka kila yanapojaa na kupwa. Hukaa humo miezi mitatu au zaidi, nyuzi zikinywa chumvi. Kisha hutolewa, hukatwakatwa na kuanikwa siku kadhaa, na baadaye hurundikwa na kuchomwa taratibu kwa muda wa wiki hivi. Hapa ndipo ufundi ulipo. Rundo halitakiwi kuwaka miali. Linatakiwa kufuka tu, na kila moto unapotaka kuchomoza hunyunyiziwa maji ya bahari, ambayo nayo huongeza chumvi kwenye majivu. Mvua ikiyapata majivu hayo, chumvi inayeyuka na kwenda zake, na kazi ya miezi imepotea. Kwa hiyo kila kitu kuanzia hapo hufanyika chini ya paa.

Majivu huwekwa ndani ya machujio makubwa ya mianzi yenye umbo la faneli, kisha humiminiwa maji ya bahari. Yanayodondoka chini ni maji makali ya chumvi yaitwayo tasik, nayo hukingwa kwenye gogo lililochongwa. Ndipo vyungu vya udongo hupangwa safu juu ya tanuru refu la kuni. Tasik humiminwa, huchemka, hukauka, huongezwa tena, na tena, kwa saa nyingi, bila chungu kuachwa kikauke kabisa kabla ya wakati wake. Kidogo kidogo chumvi hugandamana na kujaa. Mwishoni moto huongezwa, na kitako cha chungu hupasuka na kubanduka, lakini chumvi haimwagiki kwa kuwa imekwisha kuwa jiwe moja, mviringo kama yai kubwa lililokaa kwenye kikombe chake.

Sasa ununuzi. Chungu halisi kina kingo zilizovunjika ovyo na alama za masizi. Chumvi yenyewe si nyeupe pe: ni ya kijivu au ya maziwa yaliyofifia, wakati mwingine na mabaka ya kahawia. Ikwaruze kwa ukucha. Isiachie punje kirahisi. Inuse: kuna moshi kidogo. Ikiwa na unyevunyevu juu si lazima iwe ya bandia, kwani chumvi hufyonza maji ya hewani, ila itakusumbua safarini. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, izungushie nguo, iweke katikati ya sanduku. Chungu kizima ni kizito na udongo wake ni mwembamba, kwa hiyo kama unachotaka ni ladha tu, nunua vipande vya ndani ya chupa na uachane na mbwembwe.

Usiitumbukize kwenye mchuzi, maana moshi wake hupotea na ni ghali mno kwa kazi hiyo. Ikwangue kwa kikwangua laini juu ya wali wa moto au samaki wa kuchoma, mezani, wakati wa kula. Tena isiwe chumvi pekee ya nyumbani kwako, kwani haina madini joto yanayoongezwa kiwandani. Sheria ya Ufilipino ya mwaka 1995 iliyolazimisha chumvi ya chakula itiwe madini hayo ni mojawapo ya sababu zilizowafanya watengenezaji wengi wa kienyeji kuzima matanuru yao.

Tanuru haliwaki kila siku. Mwombe mwenye nyumba unayolala apige simu kwanza na aulize wako hatua gani. Siku ya kuchuja majivu haina moshi wa kupigwa picha, lakini ndiyo siku ambayo fundi ana nafasi ya kukueleza.

Rafiki yangu Mboholano amenialika sikukuu ya kwao mwezi Mei. Mimi ni Mwislamu. Nifanye nini nisimvunjie heshima na nisile nisichotakiwa? — Mwalimu

Mei ni mwezi wa sikukuu kisiwani. Kila mji na kila kitongoji kina mtakatifu wake na tarehe yake. Tagbilaran ni tarehe 1 Mei, siku ya Mtakatifu Yosefu. Waliohamia Manila na ng'ambo hurudi kwao. Milango huachwa wazi, na hata mpita njia huitwa "Mangaon ta!", karibu tule. Tiketi na vyumba vya wiki hizo vitafute miezi miwili mitatu kabla.

Ukiingia, anza na wazee. Chukua mkono wa mzee, inamisha kichwa, gusisha nyuma ya kiganja chake kwenye paji la uso wako. Huku huitwa amin, nao humfurahisha mzee kuliko zawadi yoyote. Usitoe bahasha ya pesa kwa ajili ya chakula. Lete matunda, mkate au soda. Kula kidogo, sifu, na ukimaliza mpishe mwingine, kwani wageni wengine wanangoja nyuma yako. Ukifungiwa chakula cha kubeba, pokea.

Nguruwe yuko kila mahali, na lazima ujue anapojificha. Lechon, mzima juu ya meza, humkosi kumwona. Humba ni nyama yake iliyopikwa kwa soya na sukari. Wanaowaponza watu ni lumpia, maandazi membamba ya kukunja yenye nyama ndani, tambi za pancit, na hata mboga za majani zilizokaangwa na vipande vyake. Kuuliza "Walay baboy?" (hakuna nguruwe?) si utovu wa adabu. Kuwa upande wa salama zaidi ni kumweleza rafiki yako wiki moja kabla, ili akutengee samaki wa kuchoma, sinugba, kwenye wavu wake mwenyewe, na wali. Kinilaw, yaani samaki mbichi aliyeivishwa kwa siki na tangawizi, ni chaguo zuri pia kama tumbo lako limezoea.

Kwenye vitamu, uliza kalamay ya Jagna: tui la nazi, sukari ya kahawia na mchele wa kunata uliosagwa, vikikorogwa juu ya moto hadi mwiko ukatae kwenda. Hufungwa ndani ya vifuu viwili vilivyofunikana na kuzungushiwa karatasi nyekundu pale vinapokutana. Na ukimwona bibi ameangusha kiazi kikuu cha zambarau, kile waitacho ubi kinampay, akakiokota na kukibusu, usicheke. Ubi uliwaokoa watu na njaa, na kwao kukiangusha bila kukiomba radhi ni ufidhuli.

Mimi si mwogeleaji, ila nataka kuona kasa na pomboo. Ni mwezi gani, na nitazame nini kwenye chombo? — Mzee wa bara

Shikamoo mzee. Februari hadi Mei ndiyo bahari tulivu zaidi. Upepo wa kaskazini-mashariki, amihan, huvuma kuanzia Novemba, na ufuo wa Alona ulioko kusini mwa Panglao hujikinga nao vizuri. Juni hadi Oktoba ni zamu ya habagat kutoka kusini-magharibi, na huo hupiga Alona usoni. Tufani huja hasa nusu ya pili ya mwaka, na Desemba haina usalama wa kutegemea: Odette ilipita Bohol tarehe 16 Desemba 2021 na kuacha kisiwa bila umeme kwa muda mrefu. Ishara ya tufani ikitolewa, walinzi wa pwani husimamisha vyombo vyote. Kwa hiyo acha siku moja tupu kabla ya ndege yako ya kimataifa, na kabla ya kulipa uliza pesa zinarudishwaje chombo kikizuiwa.

Chombo ni bangka, ngalawa pana yenye matengo ya mianzi pande zote mbili. Mianzi hiyo huota utelezi, na wageni wengi huanguka kwa kuikanyaga wakati wa kupanda. Ngoja ngazi, shika mkono wa baharia, kaa katikati ambako mtikisiko ni mdogo. Dawa ya kichefuchefu imezwe nusu saa kabla, si baada ya kuanza kujisikia vibaya.

Ondoka saa kumi na mbili asubuhi. Pomboo huonekana mapema, bahari ya kuelekea Pamilacan, kisiwa ambacho wanaume wake walikuwa wawindaji wa papa potwe na taa wakubwa hadi uwindaji huo ulipopigwa marufuku mwaka 1998. Baadhi ya familia hizo sasa huongoza wageni, na jicho lao la kusoma maji halina mshindani. Dereva akianza kuwafukuza pomboo kwa kasi, mwambie apunguze. Wakitaka watakuja wenyewe.

Kasa wako Balicasag, na idadi ya wageni kwa siku ina kikomo, kwa hiyo jina liandikishwe mapema. Huko huhamishiwa mtumbwi mdogo wa kasia. Asiyeogelea huvaa jaketi la kuokolea na kushikilia boya, mwongozaji akilivuta. Vaa miwani ya majini ukiwa bado mtumbwini na ujaribu kupumua kwa mrija kabla hujaingia. Nywele au ndevu zikikaa chini ya mpira, maji yataingia tu. Matumbawe ni ya kina kifupi, kisha sakafu inakatika ghafla kuwa ukuta. Usishtuke chini pakigeuka buluu nzito, jaketi linakushikilia vile vile. Kasa mwachie mita tatu, na usikae juu yake, maana lazima apande kuvuta hewa. Badala ya kujipaka mafuta ya jua mwili mzima, vaa shati la mikono mirefu.

Papa potwe wanaolishwa kwa mkono ili waje karibu hatuwapendekezi. Wanazoea vyombo, wanachanika na mapangaboi, na wanakatisha safari yao ya asili.

Nikodi pikipiki au nipande basi? — Kijana

Ufilipino huendesha upande wa kulia. Kama umezoea kushoto, hatari kubwa haiko barabara kuu, iko unapotoka kituo cha mafuta au kwenye kijia kitupu, mkono ukikurudisha upande wa nyumbani bila wewe kujua. Kofia ngumu ni sheria, kwa abiria pia. Kagua breki na matairi, piga picha mikwaruzo yote ukiwa na mwenye pikipiki, na usimwachie pasipoti yako. Mpe nakala na amana.

Basi la Carmen huondokea kituo cha Dao, Tagbilaran, na huchukua saa mbili. Ni la bei nafuu na linafika. Kosa ni kungoja jua lizame vilimani, ukashuka na kukuta la mwisho limekwisha kuondoka.

Viza na umeme? — Wasomaji kadhaa

Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya na Uganda huingia bila viza kwa siku 30, wakiwa na tiketi ya kuondoka na pasipoti yenye miezi sita mbele. Fomu ya mtandaoni ya eTravel hujazwa ndani ya saa 72 kabla ya kufika, nayo ni bure. Tovuti inayokudai pesa si ya serikali. Beba cheti cha homa ya manjano. Umeme ni volti 220, lakini soketi ni za pini mbili bapa, hivyo adapta ni lazima. Toa peso za kutosha Tagbilaran kabla ya kuingia bara.

Nimeona yote hayo tayari. Kuna nini upande wa mashariki? — Msafiri wa mara ya pili

Anda, kilomita kama 100 kutoka Tagbilaran. Lala huko angalau usiku mmoja. Ufuo wa Quinale ni mweupe na mpana, lakini maji yakipwa hurudi mbali sana, kwa hiyo angalia jedwali la maji na uoge yanapojaa. Karibu hapo ni Lamanok, ambako hufikiwa kwa njia ya mbao ndani ya mikoko kisha kwa mtumbwi. Kuna alama za viganja na vidole kwa rangi nyekundu ya hematiti kwenye miamba, na mabaki ya majeneza ya magogo. Waganga wa kienyeji bado huheshimu mahali hapo, na mwongozaji ataomba ruhusa kwa wasioonekana kabla ya kupita. Nyamaza anapofanya hivyo, usiguse alama za rangi, na uvae viatu vinavyofunga kisigino, kwani mawe yale yana makali.